Uchaga wa jikoni usidharauliwe

Mhariri,

Kwa bibi yangu, bara ya Kilifi, mahindi yalipandishwa uchagani, yaani kwenye dari ya kuhifadhia nafaka juu ya mafiga, yangali na maganda yake, na moshi wa kuni ukayakausha na kufukuza fukusi hadi mavuno mengine (macho yetu watoto ndiyo yaliyoumia). Muhogo haukuwekwa ghalani, kwani ukishang'olewa huharibika kwa siku mbili tatu. Uliachwa ardhini, au ukamenywa na kuanikwa makopa. Leo gunia hulazwa kwenye sakafu yenye unyevu, ilhali mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu, iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Maafisa wa kilimo wanaohimiza mifuko isiyopitisha hewa wasiuite uchaga ushamba.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa