Salamu za Idi kwa Waliorudi Uzigua

Mwezi umeandama, funga imekwisha. Idi Mubarak, ndugu zangu, nyote mliojaliwa kuifikia. Mwaka huu salamu zangu zinaanzia Chogo, Handeni, kwa Wazigua waliorejea kutoka Somalia.

Kisa chao kirefu. Miaka ya 1830 ukame na njaa viliikumba Uzigua, nchi yao ya asili huku Handeni. Watu wakateremshwa pwani, wakauzwa, wakavushwa bahari hadi Barawa na mashamba ya kusini mwa Somalia. Wazee husimulia kwamba waliotoroka waliongozwa na mwanamke, Wanankhucha, nia yao ikiwa kurudi kwao. Njia ikawashinda. Wakaishia kwenye misitu ya Mto Juba, wakafyeka, wakalima. Huko wakasilimu, wakaoana, wakazika wazazi wao, na Kizigua hawakukiacha.

Vita vya 1991 vikawang'oa. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya, na maelfu baadaye wakapelekwa Marekani. Wengine walipanda vyombo wakaja Tanzania, wakapokewa kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, na serikali ikawafungulia mlango wa uraia. Kwenye karatasi waliandikwa wakimbizi. Sawa, karatasi zina kazi yake. Lakini mtu anayesalimiana na mzee wa Handeni kwa Kizigua bila mkalimani, mimi namwona mjukuu aliyechelewa kurudi.

Wala tusiifanye safari hiyo kuwa tamu kuliko ilivyo. Shamba la babu halikukaa wazi likisubiri. Zaidi ya miaka mia na hamsini ilipita, wengine wakalima, wakarithishana. Na makaburi ya wazazi yamebaki Juba. Aliyerudi kwao naye ana kwao kwingine anakokukumbuka, na sioni kosa akikulilia hata leo, siku ya furaha.

Haya yalinijia nikipima pishi ya fitri, ile zaka ya chakula ya kumaliza funga. Fitri humfuata mtu pale jua la mwisho la Ramadhani lilipomzamia, haiulizi alizaliwa wapi. Kwa wa Chogo, jua hilo limezama Uzigua.

Basi Idi njema kwenu, na kwa ndugu zenu waliobaki Juba, walio Kenya na walio Marekani. Nanyi mnaoishi jirani na Chogo, mkishaswali piteni kwao na watoto. Msingoje kualikwa, na mkono wa Idi msiusahau.