Yah: Utabiri wenu wa hali ya hewa unatunyima nusu ya habari

Mhariri Mkuu,
Idara ya Habari.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTABIRI WA HALI YA HEWA BAADA YA TAARIFA YA HABARI YA USIKU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi rangi, na kazi yangu kubwa ni kuta za nje. Katika taarifa yenu ya habari, kipande ambacho sikikosi ni kile cha mwisho kabisa. Siasa nitasimuliwa kesho kazini. Mvua lazima niijue leo, kabla sijawaambia vijana wangu waje saa ngapi.

Jumatatu ya wiki juzi mtangazaji wenu alisema kesho yake hali ya hewa itakuwa "shwari kwa ujumla". Alama iliyowekwa kwenye eneo letu ilikuwa jua linalochungulia nyuma ya wingu. Nilikuwa nimebakiza mkono wa mwisho kwenye ukuta wa nyumba ya ghorofa, rangi ya maji, ambayo ikishapata saa nne au tano za ukavu haina tena wasiwasi. Nikasema twende. Saa nane mchana tulikuwa tumemaliza kona ya juu, tukaanza kufungua jukwaa. Saa tisa na dakika kumi (naikumbuka kwa sababu nilikuwa kwenye simu namwita mwenye nyumba aje aone kazi) ikapiga ngurumo moja, ikafuata mvua ya matone mazito. Dakika ishirini tu. Rangi ya krimu iliteremka ukutani kama maziwa yaliyofurika sufuria, ikachora michirizi mpaka kwenye msingi tuliokuwa tumeupaka kahawia. Mwenye nyumba alifika matone ya mwisho yakidondoka. Hakusema kitu. Aligusa ukuta kwa kidole, akakitazama kile kidole, akakifuta kwenye leso.

Mpaka hapo sikuwa na ugomvi nanyi. Mvua haiagizwi na televisheni. Lakini kesho yake niliitafuta taarifa ya idara ya hali ya hewa, ile ile mnayoitaja kila siku kuwa ndiyo chanzo chenu. Ilisema vipindi vya jua, na uwezekano wa mvua ya ngurumo katika maeneo machache, saa za alasiri. Nikairudia kuisoma. Wataalamu walishasema! Maneno "maeneo machache" na "alasiri" yalipotea njiani kati ya meza yao na skrini yenu, kwetu ikafika "shwari kwa ujumla".

Hilo ndilo lalamiko langu, na naomba lisichanganywe na la wale wanaowapigia simu kuwatukana kila mvua inapowalowesha. Sidai utabiri usiokosea. Nadai mnipe na mashaka yake, maana mashaka nayo ni habari.

Pengine lugha yetu imechangia tatizo. Neno utabiri lina harufu ya mpiga ramli, mtu anayejua litakalokuwa, na akikosea basi ni mwongo. FitzRoy, yule mwanamaji wa Uingereza aliyeanza kutoa utabiri wa hali ya hewa magazetini mwaka 1861, aliliona tatizo hilo kwa lugha yake, akachagua neno "forecast" kwa makusudi ili watu wasidhani ni unabii. Alitaka waelewe kuwa ni maoni yaliyotokana na vipimo na hesabu. Sisi tumebaki na utabiri, sawa, lakini basi mtangazaji awe na kazi ya kutukumbusha.

Na vipimo vya mashaka vipo, hamhitaji kuvibuni. Kompyuta za utabiri siku hizi haziendeshwi mara moja tu. Zinaendeshwa makumi ya mara, kila mara hali ya kuanzia ikibadilishwa kidogo. Kituo cha Ulaya cha utabiri kinafanya hivyo tangu mwaka 1992. Matokeo mengi yakikubaliana, mtabiri anasema kwa kujiamini. Yakitawanyika, anasema uwezekano ni asilimia 30. Marekani wamekuwa wakiwaambia wananchi asilimia hizo tangu miaka ya 1960. Kwenu nimeziona mara chache sana, na siku moja mtangazaji alizifafanua vibaya: alisema asilimia 30 maana yake ni kwamba theluthi moja ya eneo itanyeshewa. Sivyo. Maana yake ni kwamba ukichukua siku kumi za aina hiyo, hapo ulipo utanyeshewa kama siku tatu. Mimi nikiambiwa hivyo najua la kufanya: ukuta wa nje nauahirisha, vijana wanaingia ndani kupiga dari. Kwa mwenye kufua nguo asilimia 30 si kitu, ataanika tu. Kila mtu ana hasara yake ya kupima, kwa hiyo msitupimie nyie.

Halafu kuna ule ubao wenu wa siku saba. Kesho ina kajua na kawingu, Jumapili ijayo nayo ina kajua na kawingu, ukubwa ule ule, rangi ile ile, kana kwamba mnazijua siku zote mbili kwa kiwango kimoja. Tangu mwaka 1963 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alishaonyesha jinsi kosa dogo la mwanzoni linavyokua siku hadi siku mpaka likavuruga hesabu yote. Siku ya saba haiwezi kuwa na uhakika wa siku ya kwanza. Ififisheni basi hata rangi.

Mengine ni madogo lakini yanaudhi. Mtangazaji husimama upande wa kulia wa ramani, na upande wa kulia ndiko tunakoishi sisi. Kwa wiki mbili sasa eneo letu limefunikwa na bega lake. Chini, nyuzi joto zinapita nyuma ya tangazo la mdhamini. Upepo hamwutaji kabisa mpaka iwe dhoruba, ilhali mtu aliye juu ya ngazi anaogopa ule upepo wa ghafla kuliko mvua. Na jamani, joto: linapimwa kivulini, juu kidogo ya usawa wa kifua. Ukuta uliopigwa na jua tangu asubuhi una joto lake lingine, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika ukutani. Silalamiki kuhusu hilo, lakini siku moja mngeligusia watu wengi wangeshukuru.

Kinachonikera zaidi kilitokea usiku wa ile Jumanne. Niliwasha televisheni makusudi. Mchambuzi wenu wa mpira akikosea matokeo, kesho yake wenzake wanamcheka studioni na yeye mwenyewe anacheka. Kwenye hali ya hewa ilikuwa tabasamu, "tukiangalia kesho", basi. Jana haikuwapo. Sentensi moja ingetosha: jana tulisema shwari, mvua ikanyesha, sababu ni hii. Msipolisema kosa, mtazamaji hawezi kujua lini awaamini na lini achukue tahadhari.

BBC ilipomweka mtabiri halisi mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, Januari 1954, jina lake George Cowling, alikuwa na ramani za kuchorea kwa mkono tu. Inasimuliwa kwamba aliwaambia watazamaji kesho kutakuwa na upepo, siku nzuri ya kuanika nguo. Nyie mna picha za setilaiti na ramani inayozunguka, lakini sikumbuki lini mara ya mwisho mliniambia kesho ni siku nzuri ya kufanya nini.

Naomba majibu kwa maandishi kuhusu mambo mawili. Nani anaifupisha taarifa ya idara kabla haijasomwa, na ana ujuzi gani wa hali ya hewa? Na je, mko tayari kusoma saa na uwezekano wa mvua kama vilivyoandikwa, hata ikibidi kupunguza muda wa mdhamini? Fidia siombi. Ukuta nimeupiga upya kwa rangi yangu na siku mbili za vijana wangu, na msingi umebidi ukwanguliwe. Nimeambatanisha picha mbili, pamoja na nakala ya taarifa ya idara ya siku ile. Yale maneno mliyoyaacha nimeyapigia mstari.

Jumamosi tunaanza ukuta wa upande wa pili, mrefu kuliko ule wa kwanza. Nimetoka kuangalia utabiri wenu sasa hivi: jua linachungulia nyuma ya wingu.

Wenu,
Fundi rangi, mtazamaji wenu wa kila usiku
(Jina na namba ya simu viko nyuma ya bahasha.)