Paswedi ya databesi kwenye seva ya kushea, majirani wanaweza kuisoma, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mimi natengeneza mifumo midogo midogo, nipo Morogoro, na kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa nimewajengea mfumo wa PHP na databesi ya MySQL, humo kuna majina ya wanachama, namba za simu na nani anadaiwa shingapi, kwahiyo sio vitu vya kuchezea, na tangu ije ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ndo kabisa. Hela yao ndogo so tupo kwenye hosting ya kushea, seva moja wateja kibao.

Paswedi ya databesi ipo kwenye config.php, na faili lenyewe nimelitoa public_html (folda ambayo seva inaionyesha mtandaoni) nikaliweka folda ya juu yake, ili hata PHP ikigoma siku moja seva ikaanza kumwaga kodi kama maandishi, mtu wa nje asilione. Huyo wa nje simuwazi sana. Namuwaza wa ndani.

Nilicheki skripti zangu zinaendeshwa na yuza gani nikakuta ni "nobody", na skripti za wateja wengine wote kwenye seva hiyo nazo zinaendeshwa na nobody huyohuyo. Nikiweka ruhusa 600 (mwenye faili tu ndo analisoma) Apache, yaani programu ya seva ya wavuti, yenyewe inashindwa kusoma faili na mfumo unakata, nikiweka 644 (yuza yeyote wa seva anaweza kulisoma) mfumo unapiga kazi fresh ila jirani yeyote anayejua faili lilipo anaandika mistari miwili ya PHP anaisoma paswedi yote. Na wala si lazima jirani mwenyewe awe mwizi, inatosha awe na WordPress ya zamani yenye plagini mbovu, mtu akaingilia kwake akatokea kwangu. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo ufunguo mmoja unafungua vyumba vyote. MySQL yangu inapokea localhost tu (yaani wanaounganisha kutoka ndani ya seva hiyohiyo), lakini jirani naye si yupo localhost hapohapo?

Sapoti wananijibu nisihofu, wamewasha open_basedir (mpangilio wa PHP unaozuia skripti kufungua mafaili nje ya folda zilizoruhusiwa). Sawa, inasaidia, ila ile inaibana PHP tu, mtu akirusha skripti ya CGI ya Perl (isiyopitia PHP) au akiita komandi kwa system() haimgusi. Jamaa mwingine akaniambia niienkripti hiyo paswedi, sasa ufunguo wa kuifungulia nitauweka wapi kama sio kwenye seva hiyohiyo, anayesoma faili moja atasoma na la pili.

Kwa ninavyoona dawa ni kuhamia hosting ambayo kila akaunti inaendesha PHP kwa yuza wake, iwe kwa PHP-FPM au suPHP, hapo 600 itakubali, na wakiwa na CageFS (inayomfungia kila mteja asione mafaili ya wenzake) ndo nzuri zaidi. VPS (seva yako peke yako unayoisimamia mwenyewe) naiogopa kwasababu lazima awepo mtu wa kuiapdeti muda wote na mimi sipo kila siku.

Mliopitia hili, nikitaka kuhakikisha kabla ya kulipia kwamba kampuni inatenganisha mayuza kweli, niwaulize nini au nijaribu nini? Na kwa sasa wakati bado tupo hapa, nikigawa yuza wa databesi wawili, kurasa za kuangalia tu zitumie mwenye SELECT (ruhusa ya kusoma data) peke yake na huyu wa kuandika paswedi yake ikae faili lingine, itapunguza chochote au najisumbua bure maana mafaili yote mawili yanasomeka? Na hao akina mama niwaambie sasa hivi au nisubiri nikishahama?