Kwa mdogo wangu aliyezima simu

Mdogo wangu,

Mama mdogo alinipigia Jumatano saa nne usiku. Unamjua mama yako, huanza na salamu ndefu, aulize watoto, aulize kuku, ndipo afike kwenye shida. Safari hii alisema "Na yeye," akanyamaza. Sikumwuliza maana yake. Katika ukoo wetu maneno hayo hayahitaji kumaliziwa.

Leo ni siku ya tisa simu yako haipatikani. Mkeo anasema uko, unakwenda kazini, unarudi, unakaa sebuleni na taa umezima. Sikulaumu. Mimi nilipoambiwa, miaka sita iliyopita, nilitoka hospitali nikapitia sokoni Ngamiani, nikanunua vitumbua vitano nikavila vyote nikiwa nimesimama palepale mbele ya mama wa watu. Sina njaa, nakula tu. Nilikuwa naaga. Hili sijamwambia mtu, sasa mnajua nyote.

Barua naiweka hadharani makusudi. Ukoo wetu umenong'ona vya kutosha. Babu "aliugua miguu". Mjomba "alikonda tu, mawazo". Mama mkubwa wa Pangani "aliingiwa na kiza machoni". Wote hao ni sukari, na hakuna aliyetuambia tukiwa wadogo ili angalau tuijue sura yake ikibisha hodi.

Nadhani najua unachokitazama hapo gizani. Unautazama mguu wa Bibi.

Ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na miwili. Bibi anakaanga maandazi kwenye jiko la mkaa, kaa likadondoka, akalikanyaga kwa mguu mtupu. Akaendelea kugeuza maandazi. Harufu tuliisikia sisi. Wewe ulicheka, ukasema Bibi ana miujiza, moto haumuunguzi. Kidonda kikafungwa majani wiki tatu kwa sababu hakikuuma, na kisichouma nani atakipandishia gari? Walipompeleka hospitali, mguu ukakatwa chini ya goti. Ile ndala yake ya kulia ilikaa nyuma ya mlango wa chumbani mpaka anafariki. Hakuna aliyethubutu kuitupa, wala kuitaja. Tukifagia, tunaizunguka.

Daktari aliposema kisukari, wewe ulisikia ndala. Na mimi hivyohivyo. Ilinichukua kama mwaka kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Bibi alikaa na sukari ya juu miaka mingi bila mtu kuipima. Mishipa ya fahamu ya miguuni ikafa ganzi polepole, damu ikawa haifiki vizuri huko chini, halafu kidonda kikapewa wiki tatu za bure. Mguu ule uliondoka hatua kwa hatua, na karibu katika kila hatua palikuwa na mahali pa kuuzuia. Wewe umejulikana ukiwa na miaka 34, na mkeo anasema punje ya mchanga ikiingia kwenye kiatu unalalamika mpaka Mbagala nzima isikie. Hapo ndipo njia yako na ya Bibi zilipoachana.

Sasa hili la kurithi. Mama yako analia kwamba amekupa yeye. Mama yangu alilia vilevile, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwacha alie, maana kwa wiki kadhaa niliamini kweli kanipa. Nilikuwa nakasirika hata nikimwona anakoroga chai. Hii aina ya pili ya kisukari, tuliyo nayo sisi, hutembea sana katika koo, hilo halina ubishi. Lakini unachorithi ni wepesi wa kuupata, kama mtu aliyeachiwa kiwanja bondeni. Mvua hakukuletea yeye, na kiwanja chenyewe naye aliachiwa. Ukiwasha simu anza na mama, mimi nitasubiri.

Naambiwa karatasi yako ilisoma 13.8 kabla ya kula. Yangu ilisoma 14.2, kwa hiyo mkubwa bado ni mimi. Najua pia kuwa umeshaambiwa kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0 asubuhi na tumbo tupu, na usiku kucha unatoa 7 kwenye 13.8 kama mwanafunzi wa darasa la nne. Namba ile ni ya asubuhi moja. Omba ufanyiwe kile kipimo cha miezi mitatu. Kinasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo kinakwambia ulivyoishi msimu mzima. Nakipenda kwa sababu hakishtuki ukila harusini jana yake. Cha kidole ni mbea, kinatangaza kila kitu.

Lakini kitakachokuchosha mapema kuliko vipimo ni watu. Utanyoosha mkono kwenye sinia la kalimati, mtu ambaye hajawahi kukuuliza hali atapaza sauti: "We si una sukari wewe?" Mkono unarudi, na ulichotaka ni kumpitishia jirani. Muuguzi mmoja, sitasema wa wapi, aliniambia mbele ya foleni nzima, "Mnakula hovyo halafu mnakuja kutulilia." Kwa ajili ya sentensi hiyo sikukanyaga kliniki miezi minne. Nilidhani namkomoa. Niliporudi, yeye alishahamishwa kituo, sukari yangu ndiyo haijahama.

Dawa yenyewe huenda ikakuvuruga tumbo wiki za mwanzo. Vile vidonge vya metformini mimi vilinifanya nijue kila choo kati ya nyumbani na kazini. Meza pamoja na chakula, na ikizidi mwambie daktari, wanaweza kukupunguzia wakapandisha taratibu. Usifanye kama mjomba, aliyetupa vidonge akahamia kwenye mwarobaini kwa sababu "ni wa asili". Na moto wa jiko la Bibi ulikuwa wa asili.

Sindano je? Kwetu sindano imepakwa matope kwa sababu babu alianzishwa insulini Shaabani, Ramadhani hakuiona, basi ikawa "sindano ndiyo iliyommaliza". Alifikishwa pale amechelewa. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini kama tiba ya kisukari, Januari 1922 huko Toronto, Kanada, alikuwa mvulana wa miaka 14 anayekaribia kufa, mifupa mitupu. Akaishi miaka 13 mingine. Huenda wewe hutaihitaji kwa muda mrefu, huenda usiihitaji kabisa, lakini siku ikija usiipokee kama sanda.

Kuna na lile jambo ambalo dada hamwambii kaka yake, na ambalo nina hakika ndilo lililokuzimisha taa nusu ya usiku. Dada yako hajui kitu. Ila amesikia kwamba lina matibabu, na kwamba mtu wa kuulizwa ni daktari, si yule muuza mizizi wa pale kituo cha daladala. Tumemaliza, tuendelee.

Nisikudanganye kwamba ukishazoea ndiyo basi. Mimi nimezoea, na mwaka juzi mwezi mzima wa Julai nilichoka. Nilikuwa nakiona kile kikopo cha vidonge juu ya friji na kukichukia kama mtu. Sikupima, nilikula nilichokikuta, nikawa nalala saa mbili usiku na watoto. Nilidhani ni uvivu. Daktari wa kliniki, kijana mdogo tu, aliniuliza usingizi ukoje, na hamu ya mambo unayoyapenda ikoje, nikaanza kulia kabla sijajibu. Akaniambia wenye kisukari hupata sonona karibu mara mbili ya wengine. Sijui kwa nini kusikia hivyo kulinipa nafuu kiasi kile. Labda kwa sababu kwa mara ya kwanza kilio changu kiliandikwa kwenye faili, pamoja na presha na uzito. Kwa hiyo wakikuuliza unajisikiaje, usijibu "salama" kama unavyowajibu wazee msikitini.

Kuhusu kula sitakuhubiria, watakaokuhubiria wapo tele. Wali unaendelea kula, kijiko tu ndicho kinachobadilika. Chai bila sukari ni chungu wiki tatu, halafu siku moja unapewa ya sukari unahisi umepewa uji wa arusi.

Jumamosi nakuja. Napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, mchana nitakuwa stendi ya Mbezi. Nina furushi la machungwa ya Muheza na kisu. Juisi marufuku, tutamenya tule moja moja kama zamani barazani kwa Bibi. Nimebeba na kitu kingine, kimefungwa kwenye gazeti. Bibi alipofariki mama alikitoa nyuma ya mlango akakificha kabatini, na mwezi uliopita akanipa mimi. Sijui tutakifanyia nini. Nimeona tu kisikae tena mahali ambapo watu wanakizunguka.

Njoo unipokee. Na uvae viatu.

Dada yako