Vita vya mbuyu

Ngara, Nairobi

Kwako Mwanaidi,

Salamu nyingi, shoga. Huku hatujambo, ila mvua imetushika na matatu zimepandisha nauli, si unazijua.

Wiki jana ofisini kwetu nusura watu washikane mashati kwa sababu ya mbuyu. Dada mmoja aliyehamia kutoka Dar alimuuliza fundi wa mabomba kazi itagharimu ngapi. Fundi akaanza hadithi ya valvu, mara bei ya mipira, mara foleni ya Thika Road. Dada akamkata: "Kaka, acha kuzunguka mbuyu!" Fundi akaruka: "Mimi sijahonga mtu!" Nasi sote tukageuka kumtazama dada, maana tuliokariri nahau katika shule za Kenya tunajua kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Kwake yeye ni kupinda maneno tu, usifike kwenye jambo.

Nimelifikiria sana. Mti ni ule ule. Shina la mbuyu ni pana, wawili wakienda nyuma yake huoni wanachopeana. Na ukilizunguka kwa miguu, utachelewa kufika. Sisi tulichukua kujificha, wao wakachukua kuchelewa.

Halafu kuna kupinda kwenu Pwani, ambako hakufichi wala hakuchelewi. Shangazi yako akijifunga kanga, maneno yapo mgongoni mwake lakini yanamchoma jirani, na jirani hawezi kujibu kwa sababu hakuambiwa kitu. Huku kanga yetu ni status ya WhatsApp. Mpangaji wa juu aliandika, "Kuna watu hawajui takataka hutupwa wapi." Watu wanne tukaomba radhi. Mwenye takataka zenyewe alinyamaza, na mpaka leo ananisalimia kwa bashasha.

("Niko kwa njia" siihesabu. Mtu bado anatafuta soksi. Huo ni uongo wenye adabu.)

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nilikuuliza kama mama ameridhia nije kukaa kwenu Agosti, ukanijibu, "Nyumba ni yako." Nimeusoma ujumbe huo mara nne. Kwetu hiyo ni ndiyo. Kwenu, mtu anaweza kufukuzwa kwa maneno hayo hayo, tena kwa tabasamu na kahawa chungu. Nijibu kama unavyomjibu makanga wa matatu: nashuka hapo au napita? Ijumaa nataka kukata tiketi ya treni.

Wako,
Njeri