Malalamiko Kuhusu Mkusanyiko wa Nyimbo Adimu Mnaouuza kama Toleo Rasmi

Kondele,
Kisumu.

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Kwako Bwana au Bibi,

KUH: MKUSANYIKO WA BENGA WA NYIMBO 24 NILIOUNUNUA KWENU MWEZI MACHI

Nililipa shilingi 950 kwa simu kwenye duka lenu la muziki mtandaoni, nikapakua mkusanyiko ambao maelezo yenu yanauita toleo rasmi la nyimbo adimu za bendi moja ya benga, muziki wa magitaa wa huku kwetu Nyanza. Jina la bendi na nambari ya malipo yangu mnazo kwenye fomu niliyojaza. Katika nakala hii, ambayo mashabiki wenzangu nao wataisoma, nimeliacha jina hilo kwa sababu familia za wanamuziki hawajatoa kauli yao, na si heshima kuwatangulia.

Naandika mara ya tatu. Barua mbili za kwanza mlizijibu kwa maneno yale yale, kwamba nyimbo huletwa na washirika wenu na kwamba uhalali wake ni jukumu lao. Naomba hii isomwe na mtu, hadi mwisho.

Kwanza, kwa nini niliununua. Baba yangu alikuwa akipakia mizigo kwenye gati la Kisumu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumamosi moja alikaa na wanamuziki hao kwenye klabu walikopiga, akawanunulia vinywaji, na wimbo ulipotoka mwaka uliofuata lakabu yake ilikuwamo ndani. Anayejua benga anajua pakruok ni nini: muziki unatulia, mtu anajisifu au anasifiwa kwa majina yake ya utani, kisha magitaa yanapokea. Baba alisifiwa kwenye upande wa kwanza wa santuri ile. Tulipohama Nyalenda msumari wa sanduku ukaukwaruza upande huo, na tangu hapo sindano huruka kabla ya ubeti wa pili kwisha. Upande wa pili unapigika vizuri. Baba alifariki bila kuusikia tena ule wa kwanza, na mimi sijausikia kwa zaidi ya miaka 30. Nilipoona jina la wimbo huo kwenye orodha yenu, nambari 8, nililipa papo hapo.

Wimbo nambari 8 unaanza katikati ya gitaa la solo. Hakuna ubeti wala jina la mtu yeyote. Ni upande wa pili peke yake, umepewa jina la wimbo mzima.

Huenda mtu wa ofisini kwenu asione uzito wa jambo hilo, basi nifafanue. Santuri za benga za miaka ya 1970 zilikuwa ndogo, za spidi 45, na wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ndio wenye kisa: nani kapendana na nani, nani kafiwa, nani anasifiwa. Upande wa pili sauti zinapungua, solo inapanda, besi inakimbizana nayo, watu wanacheza. Ukiuza upande wa pili peke yake umeuza ngoma bila habari yake. Na aliyezipakia nyimbo hizi amefanya hivyo mara tano, katika nambari 3, 8, 11, 14 na 20. Mtu aliyekuwa na bendi, au aliyeziuliza familia zao, asingekosea hivyo.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Kila Jumapili alasiri sisi mashabiki wachache hukutana Manyatta nyumbani kwa mwenzetu mwenye mashine ya santuri inayofanya kazi, na tangu Machi hatuzungumzi jambo lingine. Nusu yetu wanashikilia kwamba mkusanyiko ni rasmi, kwa kuwa uko kwenye ukurasa wa bendi wenyewe, una alama ya haki za rekodi, na kila wimbo una ile nambari ya utambulisho ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Nusu nyingine wanasema mtu amekaa na santuri zake chumbani, akazinakili kwenye kompyuta, akajiita kampuni.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa pande zote. Kuna mwenzetu aliyesema nambari za ISRC ni za uongo kwa sababu zinaonyesha mwaka wa juzi ilhali nyimbo ni za zamani. Nilimpinga, maana tarakimu za mwaka kwenye nambari hiyo ni za mwaka ilipotolewa, si mwaka wa kurekodi. Hoja hiyo ilikufa hapo. Lakini pia nambari hiyo haithibitishi kwamba aliyeiomba ndiye mwenye nyimbo. Alama ya haki za rekodi kwenye ukurasa wenu nayo haina jina la mtu wala la kampuni, ni herufi chache na tarakimu kama jina la siri la kuingilia akaunti. Mwenye mali huiandika jina lake.

Zipo dalili nyingine nzito zaidi. Nyimbo 16 kati ya 24 zina mikwaruzo ya sindano, na katika nambari 5 mkwaruzo unarudi kwa mpigo ule ule kama saa, jambo linalotokea santuri ikiwa na mchubuko mmoja. Nambari 9 imekimbizwa. Santuri yangu ya wimbo huo inachukua dakika 3 na sekunde 10. Kwenu ni dakika 2 na sekunde 59, na muziki wote umepanda nusu toni, hata sauti ya mwimbaji, mtu mzima mwenye kifua, imekuwa kama ya kijana wa shule. Nilidhani mashine yetu ndiyo yenye kosa. Tukapiga nakala ya santuri hiyo iliyoko Homa Bay kwenye mashine nyingine, ikatoka sawa na yangu. Kisha jalada: picha ya bendi imegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia. Mpiga solo aliyepiga kwa mkono wa kulia maisha yake yote anaonekana mwenye shoto, na maandishi ya kwenye ngoma kubwa yamefutwa kwa ukungu, nadhani ili yasionekane yakisomeka kinyume.

Mwezi Aprili tulikwenda Bondo kumwona mpiga besi wa bendi, ambaye ndiye pekee tunayemjua kuwa hai. Ana zaidi ya miaka 75. Tulimchezea nyimbo zote 24 kwa spika ndogo, chini ya mwembe wake, naye akasikiliza bila kuongea. Kwenye nambari 17 aliinua mkono: "Hii si sisi. Huyu mpiga besi simjui." Na kweli, mwenzetu mmoja anayo santuri ile, ni ya bendi nyingine kabisa. Yaani mnauza kazi ya watu kwa jina la watu wengine.

Lakini nambari 21 ilitushangaza sote. Haina mkwaruzo hata mmoja. Kabla ya gitaa kuanza anasikika kiongozi wa bendi, marehemu sasa, akimwambia mpiga ngoma asikimbie, kisha anahesabu. Kwenye santuri hakuna maneno hayo. Mzee alituomba turudie mara tatu. Akasema, "Hiyo ilibaki kwenye tepu, na tepu zilibaki kwa tajiri." Nambari 22 nayo ni safi vilevile. Basi maoni yangu, baada ya kuusikiliza mkusanyiko huu kwa miezi miwili, ni kwamba mtu fulani ana baadhi ya tepu za studio kwa njia halali au isiyo halali, na mapengo ameyajaza kwa santuri alizookota, moja kati yake ikiwa si ya bendi. Kwa hiyo swali la kama ni rasmi haliwezi kujibiwa na sisi tulioko Manyatta. Mnaoweza kulijibu ni ninyi, kwa sababu mnajua nani alifungua akaunti ile na fedha zinakwenda kwa nani. Mzee wa Bondo hajapokea hata shilingi. Hakuwahi kuulizwa chochote. Wakati ule alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, akarudi nyumbani.

Mlinijibu kwamba mashabiki "hubishana tu kuhusu lebo". Jibu hilo liliniuma. Huku kwetu lebo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wimbo. Karatasi ile ya katikati ya santuri inakueleza nani alirekodi, nani alitunga na nani alitoa fedha. Oluoch Kanindo, mtoaji wa santuri za benga, alikuwa na lebo aliyoiita Sungura. Santuri zake zilifika hadi Zimbabwe, na leo aina moja ya muziki wa nchi ile inaitwa sungura. Kampuni ya Chandarana ya Kericho ilirekodi benga la Wajaluo, la Wakisii na la Wakalenjin, na asiye na karatasi yake mkononi hatajua lipi lilitoka wapi. Mkifuta habari hizo na kuweka jina la akaunti mahali pake, mtoto wa leo atakayejifunza benga kutoka kwenu atajifunza makosa.

Tena inawezekana kufanya vizuri. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za mwanamuziki wa benga D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz za miaka ya 1970, na jina la kampuni iliyoutoa liko wazi mtu akitaka kuuliza. Sidai kijitabu wala karatasi za kumeremeta. Nadai jina.

Upande wa sheria, mimi si wakili, ila nimeisoma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mtu anaweza kuwaambia kwamba rekodi ya 1972 muda wake umekwisha, na kuhusu rekodi yenyewe atakuwa na hoja. Lakini utunzi ni kitu kingine. Huo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Misiani alifariki kwa ajali hapa Kisumu mwezi Mei 2006, kwa hiyo tungo zake zina mwenyewe hadi mwisho wa 2056. Kiongozi wa bendi ninayoizungumzia alifariki baadaye kuliko hapo. Warithi wake wapo, na aliyewaambia kwamba nyimbo hizi ni kuukuu na hazina mwenyewe hakuwaambia ukweli. Nami kama mnunuzi nina Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachonipa haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa pamoja na taarifa za kuniwezesha kunufaika nayo. Fedha yangu mliipokea ninyi. Huyo mshirika wenu mimi simjui.

Siombi nyimbo zifutwe. Baadhi ya wenzangu wanataka hivyo, nami nimewakatalia, kwa sababu nambari 21 na 22 hazipo popote pengine tunapopajua na zikifutwa huenda zisirudi tena. Naomba mwandike wazi kwenye ukurasa wa mkusanyiko jina la aliyeuleta na ruhusa aliyowaonyesha. Kama hakuonyesha ruhusa, ondoeni neno rasmi leo hii na mzuie malipo yake hadi warithi na mzee wa Bondo watakapopatikana. Nitawapeleka kwao mimi mwenyewe, kwa nauli yangu. Nambari 17 irudishwe kwa bendi iliyoipiga. Zile nyimbo tano za upande mmoja ziandikwe kuwa ni sehemu ya pili, ili mwingine asilipe kama nilivyolipa mimi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya nitaiandikia siku ya 21 tangu mpokee barua hii, endapo mtakuwa bado kimya.

Na kuhusu nambari 8, nina ombi la pembeni. Kama mtu wenu ana tepu ile, ana upande wa kwanza. Mwambieni kuna mtu Kondele anayeutafuta, na kwamba atalipa mara ya pili bila kinyongo akiupata mzima.

Nimeambatanisha risiti ya malipo, picha za karatasi za santuri zangu tisa, na vipande viwili vya sauti vya wimbo nambari 9, chenu na changu, mvisikilize pamoja.

Wenu mteja,
Kondele, Kisumu.