Risala ya Mafundi wa Kujitolea kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwasha Injini ya Basi la Albion

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazee wetu mafundi, madereva na makonda wastaafu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Shikamooni wazee, na wengine hamjambo. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja gereji badala ya kutuita ukumbini. Kiti ulichokalia kimetolewa ndani ya basi hili. Sponji ni mpya, fremu ni ile ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukienda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, utayakuta magari waliyopanda viongozi. Ni jambo jema. Je, mwananchi alipanda nini? Hapa Dar es Salaam alipanda basi la DMT (Dar es Salaam Motor Transport), kampuni iliyotaifishwa mwaka 1970. Kuanzia 1974 akapanda la UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, miaka ya themanini akagombania daladala, na tangu 2016 anapanda Mwendokasi. Mabasi mengi ya zamani yameishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Hili tulilikuta juu ya mawe, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva, tukaliomba kwa mwenyewe kabla wakata vyuma hawajafika.

Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba basi, imetoka Glasgow, Uskochi, kwa Albion, kampuni iliyonunuliwa na Leyland, watengenezaji magari wa Uingereza, mwaka 1951. Huko hatuna wasiwasi sana, vitabu vya ufundi vinapatikana. Shughuli ipo kwenye bodi, yaani umbo la juu wanamokaa abiria. Ilijengwa hapa hapa Afrika Mashariki, na waliojenga hawakutuachia mchoro. Kila nguzo ya mbao iliyooza ilibidi itolewe nzima, ilazwe juu ya plaiwudi na kufuatishwa kwa penseli, ndipo seremala akate mpya ya mninga. Pale mchwa walipomaliza kila kitu, tulipima nguzo ya upande wa pili tukaigeuza. Ribiti nazo zilitobolewa vichwa kwa drili, moja moja, maana ukitumia tindo bati linapinda. Kijana mmoja alilalamika kwamba kwa mwendo huu yeye atatangulia makumbusho kabla ya basi. Leo ndiye kinara wa kupiga ribiti.

Tulipokwangua rangi kwa msasa wa maji, chini ya bluu ikatoka nyekundu, na chini ya nyekundu, karibu na mlango, yakatokea maandishi: USITEME MATE. Sehemu hiyo hatutaigusa.

Upande wa injini tunamtegemea mzee wetu mmoja. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anakwambia silinda ipi inakosa. Wanafunzi wanamrekodi kwa simu, lakini sikio halirekodiwi. Inabidi wakae naye. Kwa hiyo haraka yetu, Mheshimiwa, si ya basi peke yake.

Tatizo kubwa ni paa. Tunafanya kazi chini ya turubai, na masika yakianza mbao mpya zitavimba kabla hazijapakwa rangi. Tunaomba banda, hata la mabati yaliyotumika. Matairi ya saizi yake ni adimu, na injekta, yaani vifaa vya kupulizia mafuta kwenye injini, tunazoagiza zinatugharimu zaidi kwa usafiri kuliko kwa bei yake.

Ombi la mwisho wengine wataliona la anasa. Basi hili likikabidhiwa makumbusho, lisipigwe matofali chini likageuka pambo. Kule Brooklands, Uingereza, watu wa kujitolea wa makumbusho ya mabasi ya London huyaingiza barabarani siku maalumu, watu wakapanda. Tusaidie tupate namba na bima, ili watoto wakae ndani, wavute kamba ya kengele, na konda mstaafu awakatie tiketi.

Sasa tunakukaribisha ubonyeze swichi. Ikigoma mara ya kwanza usishtuke, Mheshimiwa. Vijana wa kusukuma wapo tayari nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.